Naomba ushauri: mtoto njiti yuko kwenye mashine, daktari anatuuliza tunaamuaje

Habari zenu wakuu. Mke wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 26. Mtoto alikuwa na gramu 850, leo ni siku ya tisa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Jana altrasaundi ya kichwa imeonyesha damu imevuja kwenye ubongo, pande zote mbili, daraja la nne (yaani kiwango kibaya kuliko vyote).

Daktari alituita pembeni. Anasema akipona huenda asitembee, na hali ikizidi kuwa mbaya tuamue kama waendelee kumshtua moyo au wamwache apumzike, apewe dawa ya maumivu tu na mama ampakate. Alisema kwa upole, simlaumu. Ila nilitia sahihi karatasi moja ambayo hata sikuielewa.

Mama mkwe hataki kusikia, anasema tunamkatia mtoto tamaa. Mke wangu ana kidonda cha upasuaji, analia tu. Bili nayo inapanda, naona aibu hata kuitaja.

Waliopitia hili: mlimuuliza nini daktari? Naweza kuomba daktari mwingine aangalie vile vipimo bila kuonekana mkorofi? Na nikishasema jambo, naruhusiwa kubadili mawazo?