Majirani wa Barazani: chuo na skuli

*Jumatano*

Mama Nasra 17:48
Assalaam alaykum jamaa. Nakumbusha tena: Jumamosi baada ya Alasiri, pale chuoni. Ajenda ni moja. Chuo chetu cha Qur'ani kiwe skuli kamili, dini na masomo ya serikali chini ya paa moja, tuanze na chekechea, PP1, Januari. Kila nyumba itoe mtu.

Mama Nasra 17:56
Naona tiki za buluu tu. Hata salamu haiitikiwi?

Sudi Tuktuk 17:57
Waalaykum salaam. Kutakuwa na mahamri?

Khadija wa Juu 17:57
😂😂 na mbaazi

Baba Twaha 17:58
Mara ile yaliisha kabla ya dua ya kufungulia

Sudi Tuktuk 17:58
Na aliyeyamaliza yumo humu humu

Mama Nasra 18:03
Jamani, haya ni mambo ya watoto wetu. Nasra anatoka skuli saa tisa na nusu, akifika nyumbani anakunywa uji wima, anavaa buibui, chuoni mpaka Magharibi. Akirudi kuna kazi za mtaala wa CBC za kukata maboksi na kubandika. Jana nimemkuta amelala juu ya Juzuu Amma, kidole bado kiko Suratul Balad. Gredi ya nne huyo! Na Jumamosi asubuhi, chuo tena.

Baba Twaha 18:06
Kwani sisi hatukusoma hivyo hivyo?

Mama Nasra 18:07
Sisi madarasa ya chini tulikuwa tukitoka mchana, Baba Twaha. Usisahau.

Khadija wa Juu 18:15
Mimi naogopa jambo moja. Nisije nikapata mtoto tajwidi anaijua na hisabu hajui.

Mama Nasra 18:19
Ndiyo maana nasema walimu wa masomo wawe na namba ya TSC, tume ya walimu, na skuli isajiliwe, si kufungua kiholela. Silabasi ni ile ile, na IRE, somo la dini ya Kiislamu, imo tayari. Sisi tunaongeza Qur'ani kila asubuhi akili ikiwa bado safi, na Kiarabu. Adhuhuri wanaswali jamaa. Alasiri mtoto yuko nyumbani anacheza. Na si jambo geni hapa Pwani. Mradi wa Madrasa ulianzia Mombasa miaka ya 1980: wanawake wa mtaani wakafunzwa ualimu, watoto wakasomea kwenye vyuo vyao, vifaa vikatengenezwa kwa vitu vya hapa hapa. Ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda.

Ami Athmani 18:40
Kabla ya skuli. Milango ya vyoo iko wapi?

Baba Twaha 18:52
Ami, hilo lilishazungumzwa.

Ami Athmani 18:53
Mulizungumza nyinyi. Mimi nilitoa pesa Ramadhani, mpaka leo ni magunia yananing'inia. Risiti sijaona.

Khadija wa Juu 18:54
Na wasichana ndio wanaoteseka. Mwanangu hubana mpaka arudi nyumbani.

Sudi Tuktuk 18:55
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Nasra 18:55
Afadhali umefuta.

Maalim Mzee (mjukuu anaandika) 20:41
Wanangu, nimesomewa yote. Mimi sikatazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitupigia kelele kwa jambo hili tangu magazeti yake, Sahifa ya 1930 na Al-Islah ya 1932, kwamba Mwislamu ashike elimu ya zama na dini yake asiiache. Amekufa 1947 akiwa Kadhi Mkuu. 1951 ikafunguliwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, pale Tudor, Sultani wa Unguja na Aga Khan wakiwa miongoni mwa waliotoa pesa. Vijana wakaja kutoka Unguja na Tanganyika kusomea ufundi. 1966 jina likabadilishwa, ikawa ya wote. Leo ni chuo kikuu. Kheri kubwa ile.
Nauliza moja. Mwalimu wa hisabu mutamwandikia barua ya kazi na kumlipa kila mwezi. Na maalim je? Aendelee kungojea shilingi za Alhamisi? Watoto wana macho. Wakiona huyu ana kiti na mshahara, yule ana mkeka, washajua wenyewe elimu ni ipi. Mukimwandika maalim sawa na mwenzake, nitakuja. Kama hamumwandiki, jina langu musilitie.

Bi Mwanaisha 21:22
Allah akupe afya Maalim.

Khadija wa Juu 21:23
Amin.

Ami Athmani 21:25
Amin. Neno zito hilo.

Mama Nasra 21:31
Maalim, tumesikia. Mshahara wa maalim ndio utakaofungua kikao, kabla ya jambo lolote.

Baba Twaha 21:38
Basi ada itapanda. Tuseme kweli. Wenye watoto watatu watafanyaje?

Mama Nasra 21:40
Tutazungumza hapo hapo, na hesabu mkononi. Na wewe uje na daftari la vyoo.

Baba Twaha 21:58
Nitalitafuta.

*Alhamisi*

Mama Swaleh 09:14
Samahani simu haikuwa na chaji. Jumamosi si kuna harusi kwa kina Bi Mwanaisha? Jumapili haiwezekani?

Sudi Tuktuk 09:20
Jumapili mimi niko Malindi

Mama Nasra 09:26
Jumamosi ni Jumamosi, harusi ni usiku. Nakilini orodha mutie majina:
1. Mama Nasra
2. Maalim Mzee (akikubaliwa sharti lake)
3.

Khadija wa Juu 11:47
3. Khadija
4.

Ami Athmani 13:05
4. Athmani. Daftari likija.
5.