Tupeane uzoefu: mtu wako umemweka wapi ndani ya fremu?

Wadau, zoezi la wiki hii: leteni picha moja ambayo ukingo wake una kazi. Mtu anaingia, anatoka, amebanwa, amekatwa, vyovyote. Kukata kingo za picha baadaye ni marufuku. Naanza mimi. Nilipanda ghorofani juu ya stendi ya zamani hapa Kampala. Picha ya kwanza ilikuwa na kipande cha barabara pembeni, ikawa picha ya stendi tu. Nikasogeza lenzi mpaka zikabaki taksi tu (zile basi ndogo za abiria), nyeupe zenye vimraba vya buluu, ukingo hadi ukingo. Sasa watu wananiuliza zinaishia wapi.

Wa Masaka: Pale Kayabwe, kwenye duara jeupe la ikweta, kila mgeni anasimama katikati na kutanua mikono. Mimi nilingoja dakika arobaini hivi (soda mbili) mpaka mama mwenye beseni la ndizi akapita nje ya duara bila hata kulitazama. Duara likabaki tupu. Ndiyo picha pekee ya siku ile niliyoihifadhi.

Wa Hoima: Maporomoko ya Murchison, Nile nzima inapita kwenye mwanya wa mita saba hivi. Kwa picha ya kulala, maji yalionekana madogo. Nikaisimamisha simu, miamba ikajaa kushoto na kulia. Hapo ndipo mto ulipobanwa kweli.

Wa Jinja: Yangu ni ya aibu. Kwanjula ya rafiki (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi), senga, yaani shangazi wa bibi harusi, anainuka kumtafuta bwana harusi kati ya wanaume waliokaa. Nikaona ujanja: nimuweke senga ukingoni kabisa, nusu uso na bega la gauni lake la gomesi, halafu nafasi kubwa, halafu kijana anatetemeka kule mwisho. Mpaka leo naipenda. Familia ilipoiona: "Senga wetu umemkata!" Nikaulizwa kama nililipwa nusu. Nilirudi kumpiga picha nyingine barazani kwake, mzima, katikati, viatu vyote viwili. Hiyo ndiyo iliyotundikwa ukutani.

Wa Arua: Pole, kaka. Lakini tuwekee ile ya nusu.

Wa Busia: Simu yangu hupiga picha za umbo la 4:3. Mraba unaruhusiwa?

Mwanzisha mada: Unaruhusiwa, mradi uuchague kabla ya kubonyeza. Na wa Jinja, tunangoja.