Mashine ya oksijeni ya bi mkubwa naona haimtoshi, nataka kuchukua ya lita 10. Ushauri wenu wakuu

Mwanakayenze
Wakuu habari za jioni. Nina bi mkubwa wangu hapa Kayenze, ana shida ya mapafu. Tangu atoke hospitali tunaishi naye na mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Mwanzoni alikuwa vizuri, anakaa barazani anachambua dagaa na kupiga stori na majirani. Sasa hivi naona mashine haimtoshi. Mchana kutwa ana usingizi, asubuhi kumwamsha ni kazi, na akiamka analalamika kichwa. Halafu pale mbele kuna taa ya njano inawaka, na umeme ukikatika ukarudi inapiga kelele.

Nimepata mtu anauza ya lita 10, imetumika lakini bado nzima. Naomba kujua inakula umeme kiasi gani na stabilaiza ipi inafaa. Na hii ya lita 5 nikiiuza itapata mteja? Nataka nimalizane naye kabla ya Jumapili, anasema kuna wengine wanaitaka.

Ngosha wa Igoma
Pole sana mkuu, mayu apate nafuu. Kwenye umeme nakusaidia. Lita 5 nyingi zinavuta kama wati 350, ikiwaka saa 24 ni uniti 8 na ushee kwa siku. Lita 10 inafika wati 600, hapo ni uniti 14 na zaidi kila siku. Piga hesabu ya Luku ya mwezi kabla hujatoa hela. Stabilaiza usichukue ile ndogo ya tivii, kompresa inapoanza inavuta sana. Chukua ya VA 2000. Umeme ukikatika chomoa mashine, ukirudi usubiri utulie ndipo uchomeke. Huku kwetu umeme ukirudi unarudi na hasira, friji yangu ilikufa hivyohivyo na fundi akala hela yangu juu. Hiyo friji ilikuwa mpya kabisa, nimetoka nayo dukani...

Mama wa Mwaloni
Mwanangu pole. Mama alikuwa anafanya kazi gani ujanani? Mimi nimebanika sangara miaka mingi, mvua jua, kichwa ndani ya moshi, na wenzangu wengi niliokuwa nao sasa hivi hawawezi kupanda kilima cha kwenda kwao bila kukaa chini njiani. Tulikuwa tunaambiwa ni pumu ya uzeeni. Hospitali ndipo wakatuambia moshi wa kuni unaharibu mapafu hata kama hujawahi kugusa sigara. Mabinti mnaobanika sasa, jengeni tanuri lenye bomba la kutolea moshi, msifanye kama sisi.

Mwanakayenze
Mama umepatia, alikuwa anabanika samaki huko Ukerewe kabla hatujahamia huku. Hospitali walisema ni COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Ngosha shukrani kwa hesabu.

Fundi Vifaa Tiba
Kabla hujanunua chochote, twende kwenye hiyo taa ya njano. Mashine hii haina oksijeni ndani kama mtungi. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, inaipitisha kwenye punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka kwenye mpira ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Ikikosa hewa ya kutosha, au punje zikichoka, usafi unashuka. Mashine nyingi zinawasha taa usafi ukifika chini ya asilimia 85 au 82.

Nenda nyuma ya mashine au ubavuni, kuna sponji. Itoe uniambie ina hali gani. Na mashine umeiweka wapi?

Mwanakayenze
Nimeitoa sasa hivi. Aisee. Upande wa nje imeganda wale wadudu wa ziwani wanaokuja makundi makundi jioni, wamekauka wamechanganyika na vumbi, ukiibinya inatoa unga mweusi. Mashine iko kati ya kabati na ukuta, pazia liko juu yake ili watoto wasiichezee.

Fundi Vifaa Tiba
Ondoa pazia leo. Iache angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye kabati, inapumua kwa sponji hiyo. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yatoke meupe, kamua ndani ya taulo, ianike kivulini. Isirudi ikiwa mbichi, unyevu unaharibu zile punje. Kila wiki hivyo, na kwa ninyi mlio ufukweni, msimu wa wadudu iangalie kila baada ya siku mbili. Tafuta sponji ya pili ya kubadilisha, hii ikikauka ile inafanya kazi. Ndani kuna kichujio kingine cheupe, hicho hakioshwi, kinabadilishwa na fundi.

Nesi wa Zamu
Nimesoma tangu juu. Mkuu nijibu haya matatu kabla ya habari za stabilaiza: daktari aliandika lita ngapi kwa dakika? Sasa hivi kile kigololi kinachoonyesha lita kwenye mashine kiko kwenye ngapi? Na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia ngapi?

Mtumishi Asiyechoka
Wapendwa, tunasahau kwamba mzazi anahitaji maombi na uwepo wa wanawe. Vijana wengi wanamwachia dada wa kazi mama mgonjwa, wao wapo mjini na simu. Mashine haiwezi kumshika mama mkono. Kaa naye mwanangu, hata ukikosa kazi Mungu atalipa.

Mwanakayenze
Mtumishi, mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Nesi, hospitali walituelekeza vizuri na tunafuata. Kilichonileta hapa ni stabilaiza na ile mashine ya lita 10.

Nesi wa Zamu
Hujajibu hata moja. Lita ngapi?

Jirani wa Igombe
Wakati tunasubiri namba, mimi niseme la moto. Mzee mmoja huku kwetu alikuwa na mashine kama hiyo, akawa anavuta sigara na mipira ipo puani. Ndevu ziliwaka ghafla, uso ukaungua, na alikuwa mtu wa kuheshimika sana huyu mzee. Oksijeni yenyewe hailipuki, lakini kitu chochote kinachoweza kuungua kinaungua kwa kasi ya ajabu penye oksijeni nyingi. Nguo na shuka zinainywa. Kwa hiyo jiko la mkaa, jiko la gesi, mshumaa, udi, vyote vikae mbali, mita 3 au zaidi. Mashine ikiwa inawaka usiache mipira juu ya godoro, zima kwanza. Na umeme ukikatika usiwashe kibatari chumbani, tumia tochi.

Mama wa Mwaloni
Na mafuta ya mgando? Sisi wengine tunawapaka wagonjwa puani pakikauka.

Nesi wa Zamu
Mafuta ya mgando hapana kabisa mama, wala mafuta ya nazi. Famasi kuna jeli inayotengenezwa kwa maji, muulize mfamasia. Kile kichupa cha maji cha mashine kiwekewe maji yaliyochemshwa yakapoa, au yale maji maalumu ya famasi. Yamwagwe kila siku na kichupa kioshwe, usiongezee juu ya ya jana.

Mwanakayenze, bado nakungoja. Nauliza kwa sababu usingizi wa mchana na kichwa cha asubuhi kwa mgonjwa wa COPD mimi naogopa.

Mwanakayenze
Sawa. Waliandika lita 1 mpaka 2. Nimeweka 5. Niliiweka mwenyewe baada ya kuona anahema sana usiku mmoja, na palepale akatulia. Kidoleni inasoma 98. Ilipokuwa kwenye 2 ilikuwa 90, 91, sasa mtoto gani ataangalia mama yake ana 90 akalala? Mashine imeandikwa lita 5, kwa nini itengenezwe ya lita 5 kama haitakiwi kufika 5? Na nimeona akiwa kwenye 5 bado anachoka, ndiyo maana nimeona lita 10. Nimeshampa muuzaji kianzio. Mimi niko na mgonjwa, daktari hayupo hapa saa nane usiku.

Nesi wa Zamu
Nakuelewa, na hofu yako ni ya mtoto anayempenda mama yake. Lakini sikiliza. Kwa wagonjwa wengi wa COPD lengo ni 88 mpaka 92. Ile 90 ndiyo daktari aliyokuwa anaitaka. Mapafu haya yanashindwa kutoa hewa ya ukaa, na ukimpa oksijeni nyingi kupita kiasi hewa ya ukaa inazidi kupanda kwenye damu. Namba ya kidoleni haikuonyeshi hilo, inapima oksijeni peke yake. Mgonjwa anaonekana ametulia, kumbe anasinzia kwa sumu. Dalili zake ni hizohizo ulizoandika kwenye mstari wa kwanza: kichwa asubuhi, usingizi, kuamka kwa shida.

Usizime mashine ghafla, hiyo nayo ni hatari. Rudisha kwenye lita 2, kaa naye, angalia namba. Ikikaa kati ya 88 na 92 usiipandishe. Na leo hii, sio kesho, apelekwe hospitali wapime gesi za kwenye damu. Vidole vina hina au rangi? Mikono ni ya baridi? Hivyo vinaweza kudanganya kipimo.

Kiboko ya Chai
Samahani wadau, mimi naona hii ni chai. Mashine ina taa ya njano, sponji imeziba wadudu, lakini mgonjwa anasoma 98? ID imejiunga mwezi huu. Uzi unaanza na "nimepata mtu anauza lita 10". Subirini, kesho atakuja wa pili kusema "na mimi naitaka, niunganishe". Hili ni tangazo la biashara. Mods angalieni.

Ngosha wa Igoma
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Mkuu weka picha ya mashine na ya hiyo namba.

Fundi Vifaa Tiba
Kiboko, la taa linaelezeka. Usafi unaweza kushuka hadi asilimia 80 taa ikawaka, na lita 5 za asilimia 80 bado ni oksijeni nyingi, kumsomesha 98 inawezekana kabisa. Tena mashine iliyochoka inashuka usafi zaidi ukiifungua mpaka mwisho. Akirudisha kwenye 2 na sponji ikiwa safi, taa huenda ikazima yenyewe. Kuhusu biashara sijui, hilo atajibu mwenyewe.

Kiboko ya Chai
Fundi unamtetea, labda nawe unauza.

Mwanakayenze
Picha ya mama yangu sitaweka humu, hata mkifunga uzi. Hina hana, mikono ina joto. Nimerudisha kwenye 2 tangu Nesi aandike, inasoma 92, mara 91. Taa imezima. Nilipomwamsha ananiita jina la kaka yangu aliyefariki. Nikampa kikombe cha chai ashike, nikamwambia anyooshe mikono, viganja vinadondoka na kuinuka vyenyewe, chai imemwagika kwenye kanga. Hajui kama imemwagika.

Nesi wa Zamu
Wanajukwaa acheni ubishi. Viganja kudondoka hivyo ni dalili ya hewa ya ukaa kupanda. Mwanakayenze, ondoka sasa. Pigia kituo cha afya kilicho jirani uulizie gari la wagonjwa lenye mtungi wa oksijeni. Mkae naye ameinuka, asilazwe chali. Wakikupokea wape karatasi ya daktari na uwaambie ukweli wa lita 5 na tangu lini, usiifiche. Waambie ni COPD wasije wakamwekea oksijeni ya juu kwa nia njema.

Jirani wa Igombe
Niko njiani kuelekea kwenu na gari, nakutumia ujumbe faragha. Gari la wagonjwa likichelewa tunasogea.

Mama wa Mwaloni
Twende mwanangu, tupo pamoja. Utuandikie mkifika.

Mwanakayenze
Wakuu nimerudi. Jirani wa Igombe alikuja, lakini gari la wagonjwa lilitangulia, Mungu ambariki. Walimtoa damu kwenye ateri ya mkononi, hewa ya ukaa ilikuwa juu sana. Wamemvalisha barakoa ya mashine inayomsukumia pumzi, sio oksijeni nyingi. Leo ameniita kwa jina langu. Akiruhusiwa atarudi na lita 1 akiwa amekaa, na daktari amekiwekea alama kigololi kwa plasta.

Ila bado naona lita 10 ingefaa kukaa kama akiba. Umeme wetu mnaujua.

Fundi Vifaa Tiba
Tunashukuru kwa mrejesho. Lita 10 sio akiba, umeme ukikatika zinazima zote mbili. Akiba ni mtungi wa oksijeni wenye regyuleta, au inveta na betri ya kubeba hizo wati 350. Jenereta ukitumia, ikae nje mbali na dirisha, moshi wake unaua.

Kama kianzio hakirudi na ni lazima uichukue, usilipe iliyobaki kabla ya mambo haya: mwambie aiwashe nusu saa mbele yako, soma saa ilizotumika pale kwenye kisomeo, halafu ipimwe usafi wa oksijeni kwa kipimo chenyewe, kuanzia lita 1 mpaka lita 10. Akikataa kupima, hiyo mashine imekufa punje.

Kiboko ya Chai
Mkuu pole kwa mama. Mwambie muuzaji unakuja na fundi, tumsikie.

Mwanakayenze
Nimempigia. Amesema kupima hakuna haja, mashine ni nzima. Nimemwambia anirudishie kianzio, amesema nimpigie Ijumaa. Fundi, mtungi mdogo wa kukaa nyumbani unachukua muda gani kwa lita 1?

Fundi Vifaa Tiba
Angalia ujazo ulioandikwa. Mtungi ambao ndani ungeingia maji lita 10, ukijazwa oksijeni hadi presha ya bar 150, una oksijeni kama lita 1,500. Kwa lita 1 kwa dakika ni saa 25, toa kidogo kwa sababu hauutumii mpaka sifuri. Ufungwe wima ukutani kwa mnyororo, watoto wasiuangushe.