Mrejesho: tovuti ya viungo vya chakula, simu kwanza au kompyuta?

Asanteni sana, wandugu. Niliuliza kama tovuti yetu ya kuagizia viungo hapa Kongowea, Mombasa, niichore kwa ajili ya skrini ya simu kwanza au ya kompyuta, mkasema simu. Jedwali la bidhaa lililokuwa na safu 6 nimelivunja, kila bidhaa ina kadi yake, na kitufe cha "Agiza" sasa kina ukubwa wa pikseli 48, kimekaa chini dole gumba linapofika. Juzi kwenye feri ya Likoni nilimpa mama mmoja ajaribu, mkono wa pili kashika kikapu. Akaagiza iliki kabla hatujafika ng'ambo. Nilifurahi mno! Kumbe nilisahau pia ule mstari wa msimbo wa tovuti unaoiambia simu itumie upana wake halisi, ndiyo maana maandishi yalikuwa kama sisimizi. Mwonekano wa kompyuta sijautupa: mhasibu wetu anahitaji jedwali lake pana, na ana haki.