Wateja wa video fupi, mnatulazimisha kukata hadi pumzi za watu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Jana usiku nimekabidhi video ya sekunde 58 ambayo naona aibu kusema ni mimi niliyeiediti.

Ndani yake kuna mama anasimulia siku daktari alipomwambia kwamba mwanawe hasikii. Imerekodiwa vizuri, simu imesimama wima, mwanga unatoka dirishani, sauti safi. Anafika mahali anasema, "Daktari akafunga faili." Halafu ananyamaza. Sekunde nne nzima. Anatazama vidole vyake, anaizungusha pete, anameza mate, ndipo anasema, "Nikamuuliza, sasa nitamwimbiaje?" Mwaka wa saba huu niko kwenye kazi hii, na hapo niliiacha mausi nikakaa kimya na mimi.

Mteja alipoiona rasimu akaniandikia maneno matatu: "Hapo pamepoa, kata."

Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, sekunde nne ni fremu 120. Nilizifuta zote kwa sababu yeye ndiye anayelipa. Pete ikaenda, mate yakaenda. Sasa mama yule anasema "Daktari akafunga faili nikamuuliza sasa nitamwimbiaje" kwa mkupuo mmoja, na katikati kuna mlio wa "fyuu" niliolazimishwa kuuweka ili kuficha mkato. Ukimtazama sasa utadhani kakariri. Uchungu wake ulikuwa kwenye zile fremu 120, na mimi ndiye niliyezitupa.

Kila nikibishana naye jibu ni lile lile: grafu. Watazamaji wanashuka, kwa hiyo ongeza kasi, zumu (vuta picha karibu) kila baada ya sekunde mbili, usiache kimya hata nusu sekunde. Jamani, grafu ile inakuonyesha mtu ameondoka sekunde ya ngapi, basi. Haikuambii kilichomwondoa. Kwenye kazi zote nilizomfanyia mteja huyu mstari unaporomoka mahali pamoja, kati ya sekunde ya kwanza na ya nne. Na kuna nini pale? Nembo ya taasisi yake inayojizungusha na muziki. Nimemwomba mara tano tuipeleke mwisho au tuiweke ndogo pembeni, kagoma. Watu wanaondoka sekunde ya tatu kwa sababu ya nembo, halafu mimi naagizwa nikakate kimya cha sekunde ya 31, ambako mstari umenyooka kabisa! Waliofika sekunde ya 31 wamekaa wanamsikiliza mama wa watu. Hao ndio tunaowaharibia.

Halafu kuna hili la idadi ya kutazamwa. Tangu tarehe 31 Machi 2025 YouTube inahesabu Shorts, zile video zake fupi, kila video inapoanza kucheza au kujirudia, bila kujali mtu ameitazama kwa muda gani. Namba za watu wengi zikapanda bila wao kubadilisha chochote. Mteja wangu alipoziona zimepanda akasema ni zile zumu na milio, na kuanzia hapo imekuwa amri kwenye kila kazi. Nilimweleza kwamba kipimo cha zamani bado kipo humo humo kwenye takwimu zake, na pia kuna sehemu inayoonyesha waliobaki kutazama dhidi ya waliopitiliza kwa kidole. Hakufungua. Anatazama namba kubwa ya juu tu.

Anafurahia pia wastani wa utazamaji ukivuka asilimia 100. Ndiyo, inawezekana, kwa kuwa video fupi hujirudia yenyewe. Lakini nimesoma maoni chini ya video zake: "amesema nini hapo?", "nimerudia mara tatu sijashika". Mtu aliyerudia kwa sababu maneno yamebanana hajapendezwa na kitu, anatafuta alichonyimwa mara ya kwanza.

Linaloniuma kuliko yote ni maandishi. Mteja anataka neno moja moja lirukeruke katikati ya kioo, kila neno na rangi yake. DAKTARI. AKAFUNGA. FAILI. Video inahusu mtoto asiyesikia! Watakaoitafuta kwanza ni viziwi na wazazi wa viziwi. Kiziwi anasoma maandishi, anasoma uso, na wengi wanasoma na midomo pia, vyote kwa wakati mmoja. Anahitaji kirai kizima kikae chini, kitulie, akimaliza kusoma apate nafasi ya kuinua macho amtazame mzungumzaji. Sisi tumemrushia maneno yanayopotea kabla hajayaunganisha, na mengine yameangukia juu ya mdomo wa mama. Nilisogeza maandishi chini nikaweka kirai kirai, yakarudishwa na alama nyekundu: "hayana nguvu".

Na ile miale nyeupe inayomulika ghafla na kuzimika kwenye kila mkato, kuna mahali alitaka minne ndani ya sekunde moja. Hapo nilikataa kata kata. Miongozo ya WCAG, ile ya kuhakikisha vya mtandaoni havimwachi nje mtu mwenye ulemavu, inasema kitu kisimulike na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu kuna watu wanaopata kifafa kwa mwanga wa namna hiyo. Nilimtumia kifungu chenyewe. Akanijibu kwamba wenzake wote wanafanya.

Msinielewe vibaya, mimi nakata. Nakata "aaa", nakata sentensi iliyosemwa mara mbili, nakata salamu na utambulisho mrefu, namwingiza mtazamaji moja kwa moja kwenye jambo. Vine, ule mtandao wa zamani wa video fupi, ilikuwa ya sekunde sita na watu walisimulia kisa kikaeleweka, kwa hiyo ufupi sio ugomvi wangu. Ila kimya cha mtu anayemaliza wazo na kimya cha mtu anayetafuta ujasiri wa kusema havifanani, na mhariri analipwa kuvitofautisha. "Daktari akafunga faili", halafu kimya: kidole cha mtazamaji kinasimama pale pale kwa sababu anataka kujua kilichofuata. Hiyo ndiyo ndoano, mama ameitoa mwenyewe bila mlio wala zumu. Ukitaka mwendo, ianzishe sauti ya klipu inayofuata kabla picha yake haijaingia, macho yatavutwa yenyewe. Na ukikata pumzi, acha walau fremu chache kabla ya neno, la sivyo herufi ya kwanza inamezwa na kila sentensi inagota.

Kuhusu zumu hata sitaki kuendelea sana. Anatuletea picha za mlalo za 1920 kwa 1080, anataka wima. Ukichukua kipande cha wima humo unabaki na upana wa pikseli kama 607, unaivuta ijaze 1080, tayari imelegea. Juu ya hapo anataka zumu. Uso unakuwa ukungu, lawama kwa mhariri.

Sababu yake ya mwisho ilikuwa kwamba video haiwezi kuzidi dakika moja, kwa hiyo kimya hakina nafasi. Shorts zinapokea hadi dakika tatu tangu tarehe 15 Oktoba 2024. TikTok ilifungua dakika kumi mwaka 2022. Video yangu, ile niliyoihifadhi pembeni yenye sekunde zake nne, maandishi yaliyotulia na nembo mwishoni, ina sekunde 71. Ingepita popote. Nilimwomba apandishe zote mbili, wiki moja hii na wiki ya pili ile, alinganishe mwenyewe. Hakutaka hata kuifungua.

Sasa naombeni msaada kwa wale mnaoandikiana na wateja kabla ya kazi. Mnaandikaje kifungu cha nani mwenye neno la mwisho kwenye mikato? Kuna mwenye maneno yaliyowahi kumsaidia mteja alipong'ang'ania? Na mnahesabuje marudio, maana kwenye kazi hii nimerudia mara tisa kwa malipo ya mara moja.

Nahitaji kabla ya Jumatatu. Ameshanitumia klipu za baba wa mtoto yule yule, na maagizo ni yale yale. Nimezisikiliza leo asubuhi. Baba ananyamaza zaidi ya mama.