Tupeane uzoefu: kimbunga kikitangazwa, sisi wa Tanga na Bagamoyo tunajiandaaje nyumbani?

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimeona niufungue uzi huu mapema, bahari ikiwa shwari, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa ile ramani yenye rangi nyekundu hakuna tena wa kuandika la maana humu. Zinabaki picha za satelaiti, sauti za WhatsApp za "mjomba wangu yuko bandarini", na dua.

Ninachotaka ni visa vya watu waliokaa majumbani mwao wakikisubiri. Ulifunga nini, ulinunua nini, watoto uliwalaza chumba gani, chombo ulikificha wapi. Na katika yote uliyofanya, lipi lilikufaa na lipi lilikuwa la kujichosha bure.

Naanza mimi. Niko Chumbageni, Tanga mjini. Kimbunga Hidaya kilipotangazwa mwanzoni mwa Mei 2024, Tanga tulitajwa pamoja na Pwani, Dar, Lindi, Mtwara na visiwani. Mimi adui yangu alikuwa mmoja: mkungu wa jirani. Tawi lake limevuka ukuta, limelalia bati la chumba cha watoto. Miaka yote jirani anasema mti ule aliupanda marehemu baba yake, haukatwi. Ijumaa ile baada ya sala nikamfuata na simu mkononi, nikamwonyesha ramani. Akaitazama, akaingia ndani bila neno, akatoka na panga lake mwenyewe. Tukakata wote wawili mpaka magharibi.

Kimbunga chenyewe Jumamosi ya tarehe 4 kikaingia Mafia, kikapoteza nguvu hukohuko. Kwetu ilikuwa upepo wa kubamiza milango na mvua za hapa na pale. Lakini tawi limeondoka, na mpaka leo jirani ananidai kivuli. Haya, karibuni.

NAHODHA WA KIGOMBE
Umeuliza chombo kinafichwa wapi, hilo niachieni mimi.

Watu wa mjini wakisikia kimbunga wanakodolea macho baharini, wanangoja ukuta wa maji. Mimi natazama bara. Huku kusini mwa ikweta kimbunga kinazunguka kwa kufuata mshale wa saa. Sasa jicho likiwa Mafia, sisi wa Kigombe, kusini kidogo ya Tanga mjini, tuko kaskazini-magharibi yake, na upepo unaotufikia unatoka kusini-magharibi, nchi kavu kwenda majini. Maana yake nanga ikikatika, chombo hakitupwi pwani ukaokota hata mbao. Kinashika njia ya Pemba. Siku ya Hidaya tulisimama ufukweni tunatazama bahari na upepo unatupiga mgongoni, vijana wakashangaa.

Ngalawa tuliipandisha mpaka juu ya ule mstari wa takataka zinazoachwa na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mlingoti tukaushusha, tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, tukavipeleka nyumbani, mashine nayo nyumbani, tumboni tukaijaza mchanga isipeperuke. Mashua ni nzito, hiyo haipandishwi. Tuliiingiza mkono wa mikoko maji yalipojaa, nanga moja omo, yaani mbele, nyingine tezi, yaani nyuma, na amari, zile kamba za nanga, zimezungushwa kwenye mashina ya mikoko. Na amari usiikaze! Vijana wanakaza kama wanafunga gunia la mkaa kwenye baiskeli. Bamvua ya huku maji yanapanda zaidi ya mita tatu. Chombo kinataka kupanda, kamba inakishika chini, kinalala ubavu, kinajaa. Acha ulegevu wa kutosha, halafu mtu awe anakwenda kutazama.

Jingine: hesabu mwezi. Hidaya ilitukuta siku ya ishirini na tano ya mwezi wa Mfunguo Mosi, ule unaofuata Ramadhani, na maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, ndiyo kwanza yanaisha. Jobo, kile kimbunga cha Aprili 2021, ilikuja tuna swaumu, siku ya kumi na moja ya Ramadhani, bamvua ya mwezi mpevu iko mlangoni. Ilifia njiani, alhamdulillahi. Ingechelewa siku chache na ikafika na nguvu zake, hadithi ingekuwa nyingine. Ramani ya hali ya hewa inakupa upepo na mvua, maji ya kujaa na kupwa ukamilishe mwenyewe.

KIJANA WA BARABARA YA KUMI
Uzoefu wangu mfupi: nilinunua mishumaa, nikalala, nikaamka. Mishumaa ipo mpaka leo. Hawa jamaa wanatutisha tu, vimbunga vya Tanga huishia kwenye taarifa ya habari.

DEREVA WA MASAFA
Ndugu yangu wa Barabara ya Kumi, kimbunga hichohicho ulichokilalia mimi kilinikuta Kilwa na shehena ya saruji kutoka Tanga. Barabara ya kwenda Lindi ilikatika pale Somanga, maji yamebeba kingo za daraja, foleni ya malori na mabasi huku na huku, akina mama na watoto wanashinda juani na mvuani, chupa ya maji bei ya soda mbili. Kwako hakikufika kwa sababu kilikwenda kwa wenzako. Usiseme hakikuwepo.

Na saruji iligeuka mawe. Turubai haitoshi, ndugu zangu, mvua ile inatoka chini pia.

MAMA MWANI
Asalaam aleykum. Mimi niko Mlingotini, Bagamoyo, nalima mwani. Mzee wa Kigombe kanikumbusha mambo ya mwezi, maana hapo ndipo tulipobanwa.

Mwani unahudumiwa bamvua, maji yakitoka mbali unatembea shambani miguu mikavu nusu. Tangazo la Hidaya likaja maji mafu. Maji hayatoki. Ukisubiri bamvua, kimbunga kimeshapita na kamba zako. Tukaingia hivyohivyo, maji ya kifuani, wengine hatujui kuogelea, tumeshikana kanga. Hakukuwa na nafasi ya kuchuma shina moja moja, tulifungua kamba kwenye vigingi tukazivuta nzima nzima na mwani wake na taitai zake, vile vikamba vya kufungia mwani, mpaka pwani. Mbegu nikaiacha kidogo kwenye vigingi vya ndani, karibu na mikoko.

Sasa umevuna, utaanika wapi? Jua hakuna. Mwani mbichi ukiurundika unapata joto unaoza. Ukikauka nusu halafu ukanyeshewa, chumvi inatoka, unakuwa mweupe, na mnunuzi anakutazama kama umemletea majani ya ng'ombe. Nikafunga kamba ukumbini ukuta kwa ukuta, mwani ukaning'inia mle ndani kama mapazia, unadondosha maji, sakafu yote chumvi. Wanangu wakalala chini yake juu ya jamvi, wanacheka, wanasema tumelala chini ya bahari. Harufu iliondoka baada ya wiki nyingi. Ila niliuza.

Nyumba yangu ni ya miti na udongo, juu bati. Mimi upepo peke yake siuogopi sana. Naogopa masika ikishalowesha ukuta siku nyingi, kisha ndiyo upepo uje. Mwaka ule mvua zilikuwa hazijui kukatika. Kwa hiyo kabla ya kwenda baharini mume wangu alichimba mtaro nyuma ya nyumba, ukapeleka maji kwenye migomba. Mkiniuliza kilichonifaa ni mtaro. Sala pia, lakini mtaro uliuona kila aliyepita, wakaja kuazima jembe.

FUNDI BATI
Nimesoma kimya, sasa naingia. Mimi napaua nyumba hapa Tanga, na kila tangazo likitoka simu yangu haipumziki. Watu wanakumbuka paa siku mbili kabla.

Jambo la kwanza: bati haling'olewi kwa kusukumwa. Upepo ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na pa kuanzia ni pembeni na kwenye upenu. Ndiyo maana ukipita baada ya dhoruba unakuta bati la katikati lipo, la ukingoni limekwenda. Kwa hiyo kama una pesa ya misumari kidogo, usiimwage paa zima. Ongeza mstari wa upenu na zile pembe nne. Upenu mrefu tunaupenda kwa jua na kwa kupumzika jioni, lakini ndio mkono wa kushikia paa.

Pili, kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa. Nyumba nyingi za mitaani kenchi imekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake na msumari wa mshazari. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje mara mbili tatu, zungusha kenchi, ushuke nayo mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Unayejenga sasa, acha vipande vya nondo vimetokeza kwenye linta kwa kazi hiyo.

Tatu, mawe juu ya bati. Naomba mshushe. Jiwe linalozuia bati upepo wa kawaida, kwenye tufani linakuwa la kumpiga mtu kichwani. Mifuko ya mchanga ina nafuu, na ifungwe kwa kamba inayoshuka pande zote mbili mpaka chini, kwenye kigingi.

Nne, ipo imani ya kufungua madirisha ya pande mbili "upepo upite". Hapana. Upepo ukiingia ndani unalisukuma bati kutoka chini, na juu linanyonywa. Umemsaidia adui. Funga yote, kipande cha ubao kwenye kile kioo kilichopasuka, na mlale chumba kidogo cha katikati, mbali na dirisha.

MAMA LISHE WA DEEP SEA
Wakati wenzangu mnazungumza bati, mimi tumbo. Vyombo vyote vimepandishwa, boti za Unguja zimesimama, huku Deep Sea, wanakoshusha wavuvi wa Tanga, hakuna samaki hata wa kuonjea. Biashara yangu samaki! Ijumaa niliwahi asubuhi nikanunua waliokuwepo, nikawakaanga wakauke kabisa, wengine nikawatia chumvi. Sikutaka kutegemea friji, na nashukuru, kwa sababu usiku wa kuamkia Jumamosi umeme ulikatika nchi nzima. Jirani mwenye friji la biashara alikuja kugawa nyama bure kabla haijaharibika, tukala kama sikukuu.

Jazeni maji jamani. Umeme ukienda, pampu nazo zinakwenda. Mimi nilijaza mapipa, ndoo, mpaka beseni la kuogea mtoto.

Lakini nililotaka kusema hasa ni la jiko. Nyumba tunazopanga ni vyumba sita na uani kumoja. Upepo ukivuma uani hapakaliki, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, na chumba ameshakiziba kama fundi alivyosema, matambara mpaka chini ya mlango. Usiku ule mwenzetu mmoja tulimgongea kumwomba chumvi, hafungui. Tukasukuma mlango, amekaa na mwanawe wamelegea, kichwa kinamuuma, anasema ni usingizi tu. Tukawatoa ukumbini penye upepo wakazinduka. Ile hewa ya mkaa haina harufu, hukohoi hata. Pikeni mapema, mjaze chupa za chai, mkaa ubaki nje hata ukizimika.

MWALIMU MSTAAFU, BAGAMOYO
Vijana, nawasalimu. Nilifundisha jiografia, mtanivumilia kidogo.

Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, nyuzi 26 na nusu hivi kwenda juu, na kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta ni dhaifu. Tanga iko nyuzi 5 kusini, Bagamoyo 6 na kitu. Tuko ukingoni mwa njia yao, kwa hiyo hufika kwetu mara chache na wengi hufika wamechoka. Kijana wa Barabara ya Kumi ana haki ya nusu. Nusu nyingine iko kwenye historia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu, Pemba ikasalimika, na ndiyo sababu moja kubwa karafuu ikawa mambo ya Pemba. Hapa Bagamoyo misheni ya mapadri, iliyoanza 1868, majengo yake yaliharibiwa vibaya. Tarehe 15 Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Kenneth iliingia Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, Mtwara wakahamishwa. Jobo Aprili, Hidaya Mei, na Mei hiyohiyo Ialy ikapanda kaskazini mpaka upande wa Kenya, karibu kabisa na ikweta.

Mnaona miezi? Msimu wenyewe huanza Novemba, lakini wanaotugusa sisi hupenda mwishoni, masika ikiwa imeshalowesha ardhi. Mama Mwani na mtaro wake ameisema jiografia kuliko mimi.

KIJANA WA BARABARA YA KUMI
Shikamoo mwalimu. Basi mishumaa naitunza.

MAMA MWANI
Fundi, samahani, umesema waya ushuke mpaka kwenye linta. Sisi wa ukuta wa udongo linta hatuna. Tufunge wapi?

FUNDI BATI
Dada, usifunge kwenye ukuta, funga kwenye nguzo. Nyumba ya miti na udongo inabebwa na zile nguzo zilizochimbiwa, udongo ni wa kuziba tu. Tafuta nguzo za pembe na za katikati, bandua udongo kidogo juu uione, piga waya kutoka kwenye kenchi uizungushe nguzo chini ya fito ya kwanza, siyo juu yake, ili isichomoke. Na kabla hujafunga itikise nguzo yenyewe chini kabisa. Ikicheza, mchwa ameshakula, hapo badilisha kwanza mti. Mtaro wa shemeji ubaki hatua mbili kutoka ukutani, ukiwa karibu zaidi utalegeza nguzo.

MAMA MWANI
Uko hatua moja. Ngoja nimwite.