Harry wa The Conversation ana hatia ama alikuwa kazini tu?

fundi_kamera: Wadau habari zenu. Nimetoka kuangalia The Conversation, ile filamu ya Coppola ya 1974, Gene Hackman ndiye Harry Caul, jamaa anayelipwa kurekodi mazungumzo ya watu kwa siri, na imenikalia moyoni. Mimi nafunga kamera, maduka ya Luthuli, ploti za Umoja na Pipeline, navuta waya namuunganishia mteja kwa simu natoka, anachoangalia baadaye siulizi. Harry naye anasema hivyo hivyo, yeye anataka kanda iwe safi basi. Sasa mbona inamtesa hivyo? Ana hatia kweli? Kama hujaiona usisome majibu, mwisho utatajwa.

mama_tasha: Anayo na anajua. Cheki pale kwa kuungama, anaanza na vidhambi vidogo, kuiba magazeti, akifika kwa wale vijana wawili aliowarekodi anakimbilia kusema yeye hahusiki. Nani alimuuliza? Na ile kazi yake ya zamani New York watu watatu waliuawa, kwa hivyo alishajua kanda zake zinaweza kufanya nini.

sauti_eastlando: Mimi ni mtu wa sauti, arusi na harambee, nikaifuata kwa masikio. Wanarekodi wale vijana pale Union Square, San Francisco, maiki za mbali juu ya majengo na nyingine kwa mtu anayewafuata na mfuko, halafu Harry anachanganya kanda tatu mpaka sentensi moja inatokea, kumbe mwishoni mkazo unahamia neno lingine na wale aliodhani watauawa ndio wauaji. Walter Murch alifanya kazi kubwa hapo kwa sauti. Kwangu hatia iko hapo, alinasa kila neno lakini watu wenyewe hakuwajua.

jirani_wa_tatu: Mwanzo inaenda polepole sana lakini vumilieni. Jamaa ana kufuli kibao mlangoni, mwenye nyumba anaingia kumwachia zawadi ya bathdei na anawaka kweli! Faragha yake inamuuma, ya wengine ni kazi. @fundi_kamera hata hapa kwetu Kenya Katiba ya 2010 kifungu cha 31 kinalinda faragha, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hivyo kuuliza ni sehemu ya kazi yako ndugu yangu.

fundi_kamera: Asanteni sana. Kuna lendilodi anataka kamera moja ya korido ielekee mlango wa mpangaji mmoja, eti anachelewesha kodi. Namwambia kesho naielekeza kwa ngazi, akikataa atafute fundi mwingine.